Hukumu ya Ulimi: Habari za Madaraja na Alama za Divai

Mchele hupimwa kwa pishi na kibaba, nguo kwa mkono na wari, dhahabu kwa mizani. Hata karafuu, ambayo thamani yake imo katika harufu, ina dalili za nje zinazoweza kutazamwa na watu wawili wakapatana: ukavu wake, rangi yake, na wingi wa makonyo yaliyochanganyika nayo. Ladha haina pishi. Aonjaye huonja peke yake, na aliye kando yake hana budi kumsadiki au kumkadhibisha. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mia na sabini watu wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, wamejitahidi kuipa divai daraja na hesabu, na kwa hesabu hizo mashamba yamepanda bei, majina yamekuzwa, na watu wametajirika au wamepata hasara. Habari ya namna hesabu hizo zilivyopatikana yastahili kusomwa hata na mtu ambaye dini yake au hiari yake imemweka mbali na kileo, maana si habari ya ulevi. Ni habari ya mamlaka: nani apewe haki ya kusema kwamba kitu hiki ni bora kuliko kile, na kwa ushahidi gani.

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki, na yote mawili yalikuja kwa bahari. Mvinyo ni neno la Wareno, na divai ni la Wafaransa. Kwa kuwa mvinyo katika vinywa vya watu wengi umekwisha kuwa jina la kileo kikali cha kila namna, hapa litatumika jina la divai. Zabibu zenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Mizabibu iliyopandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950, ilizaa kizazi cha mashamba ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Ufaransa huvunwa mara moja tu, na kwa sababu hiyo mvua na jua la mwaka mmoja hukaa ndani ya chupa kama mhuri, hata mwaka wenyewe ukawa sehemu ya jina la divai. Asiyelijua jambo hili hawezi kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu hugombana juu ya mwaka wa 1961 au wa 1982 kama wagombanao juu ya vita na wafalme.

Mji wa Bordeaux, ulio karibu na mlango wa mto Gironde, ulipata bahati yake kwa ndoa. Mwaka wa 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza, na nchi ile ya mizabibu ikawa chini ya taji la Kiingereza mpaka mwaka wa 1453. Utawala ulikwisha, biashara haikukoma. Waingereza walikuwa wanunuzi, Wafaransa wakulima, na baina yao walisimama madalali, ambao kazi yao ilikuwa kujua pipa gani limetoka wapi na lingeuzwa kwa kiasi gani. Mwaka wa 1663 Samuel Pepys, karani mkubwa wa jeshi la majini, aliandika katika shajara yake kwamba amekunywa London divai ya Haut-Brion na kuiona ina ladha ya namna ya peke yake. Jina la shamba aliliandika kwa makosa, lakini alilikumbuka, na kukumbukwa kwa jina la shamba moja lilikuwa jambo jipya. Thomas Jefferson, aliyekuwa mjumbe wa Marekani katika Ufaransa, alifika Bordeaux mwezi wa Mei 1787, akaandika kwamba mashamba yaliyo bora kabisa ni manne: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Jefferson hakuonja mashamba yote ya nchi ile. Aliuliza bei, akasikiliza wenyeji, akaandika aliyoambiwa. Kwa hiyo daraja lilikuwako katika madaftari ya madalali na katika vichwa vya wafanyabiashara miaka mingi kabla ya kuwekwa muhuri.

Muhuri uliwekwa mwaka wa 1855. Mfalme Napoleon wa Tatu alifanya maonyesho makubwa Paris kwa kushindana na yale ya London ya mwaka wa 1851, akataka kila jimbo lipeleke fahari yake. Baraza la Biashara la Bordeaux liliwaandikia madalali tarehe 5 Aprili likiomba orodha kamili ya divai nyekundu zilizo bora na divai nyeupe tamu zilizo bora. Madalali wakajibu tarehe 18 Aprili. Siku kumi na tatu! Katika siku hizo hapana mtu ambaye angeweza kuonja nchi nzima, wala hapana aliyejaribu. Madalali walifungua madaftari yao ya bei, wakayapanga mashamba kwa kadiri yalivyokuwa yakiuzwa kwa miaka mingi, wakayagawa katika madaraja matano. Daraja la kwanza la divai nyekundu likawa la mashamba yale yale manne aliyoyataja Jefferson. Mashamba yote ya orodha nyekundu yalikuwa ya Médoc, ila Haut-Brion peke yake lililo katika Graves, ambalo sifa yake ilikuwa kubwa mno hata kuachwa nje kungekuwa kichekesho. Katika divai tamu, Château d'Yquem iliwekwa juu ya zote katika daraja lake peke yake.

Watu waliokuja baadaye wamezoea kuicheka orodha hii kwa kuwa ni orodha ya bei na si ya ladha. Kicheko hicho ni chepesi mno. Bei ya mwaka mmoja yaweza kuwa upumbavu wa mnunuzi mmoja, lakini bei ya miaka mingi mfululizo ni hukumu ya maelfu ya wanunuzi ambao kila mmoja alionja kwa fedha zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na madalali wa Bordeaux walifanya kama walioamini maneno hayo. Kosa halikuwa katika kuitengeneza orodha. Lilikuwa katika kuifanya isiondoke. Walioiandika waliitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya miezi michache, nao hawakuiita sheria ya milele. Lakini jina likisha kuandikwa juu, bei hulifuata jina, na bei ikisha kulifuata jina, huwa ushahidi kwamba jina lastahili kuwa juu. Mviringo huo hauna mlango.

Na jina hilo ni jina la nini? Orodha ya 1855 haikutaja udongo, ilitaja nyumba. Mwenye shamba la daraja la pili akinunua kipande cha jirani yake ndani ya wilaya ile ile, zabibu za kipande hicho zaweza kuingia katika divai ya daraja la pili, ijapokuwa jana hazikuwa na daraja lolote. Mashamba mengi yameongezeka, yamepungua na kubadilishana mipaka tangu wakati huo. Mizabibu yenyewe pia imebadilika. Katika miaka ya 1860 aliingia Ufaransa mdudu mdogo wa kutoka Marekani, afyonzaye mizizi, akaua mizabibu ya nchi karibu nzima, wala haikupatikana dawa ya kudumu mpaka wakulima walipokubali kuunga vikonyo vya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake ilimzoea mdudu yule. Fahari ya Bordeaux imesimama juu ya mizizi ya kigeni. Jambo hilo lilisahauliwa kwa urahisi karibu miaka mia baadaye.

Badiliko kubwa la pekee katika orodha ya divai nyekundu, baada ya shamba la Cantemerle kuongezwa katika mwaka ule ule wa 1855, lilikuwa la shamba la Mouton. Madalali walikuwa wameliweka kichwani mwa daraja la pili, na kukaa mlangoni mwa daraja la kwanza kuliwaumiza wenyewe kuliko kama wangewekwa mbali. Philippe de Rothschild, aliyeshika usimamizi wake mwaka wa 1922 akiwa kijana, alitumia karibu miaka hamsini ya maisha yake kuigombania nafasi moja. Ni yeye aliyeamua mwaka wa 1924 kwamba divai yake yote ijazwe katika chupa shambani kwake, wasipate wafanyabiashara nafasi ya kuichanganya, na baada ya vita akawapa wachoraji mashuhuri kazi ya kupamba karatasi za chupa. Mwaka wa 1973 waziri wa kilimo, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ufaransa, alitia sahihi amri ya kulipandisha Mouton daraja la kwanza. Hivyo daraja lililotolewa na soko lilirekebishwa na Serikali, na katika hayo mawili ulimi haukuitwa kutoa ushahidi.

Uliitwa miaka mitatu baadaye, na mwito wenyewe ulitoka kwa mgeni. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la divai Paris na shule ya kufundisha kuonja, alipanga pamoja na mwenzake Mmarekani, Patricia Gallagher, shughuli ndogo ya kuadhimisha miaka mia mbili ya uhuru wa Marekani. Chupa za California zilivuka bahari katika mizigo ya kundi la Wamarekani waliokuwa wakienda kuzuru mashamba ya Ufaransa. Tarehe 24 Mei 1976, katika hoteli moja ya Paris, majaji tisa Wafaransa waliketi mbele ya divai nyeupe kumi, na kisha nyekundu kumi. Sita za kila kundi zilikuwa za California na nne za Ufaransa, na hapana chupa iliyoonyesha jina lake. Majaji hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Alikuwamo Aubert de Villaine wa Romanée-Conti, Odette Kahn mhariri wa gazeti kubwa la divai la Kifaransa, mwenye shamba la daraja la tatu katika orodha ya 1855, wenye hoteli mashuhuri, na ofisa mkubwa wa idara ya Serikali inayolinda majina ya divai. Kila mmoja alikuwa na alama 20 za kutoa kwa kila divai.

Waandishi wa habari wengi walialikwa. Alikuja mmoja tu, George Taber wa gazeti la *Time*, na kwa kuwa yeye alikuwa na karatasi yenye mpangilio wa chupa, alisikia wasiyoyasikia wengine. Alimwona jaji mmoja akionja divai ya California, akafurahi, akasema kwamba sasa amerudi Ufaransa. Matokeo ya divai nyeupe yalisomwa kabla nyekundu hazijaonjwa: ya kwanza ilikuwa ya Chateau Montelena, ya California, ya mwaka wa 1973. Tena kila jaji, pasipo kujua, alikuwa ameweka juu kabisa divai ya Kimarekani. Kwa hiyo nyekundu zilionjwa na watu waliokwisha kushtuka, wakijaribu kubahatisha ipi ni ya kwao wailinde. Hata hivyo ilitangulia Stag's Leap ya mwaka wa 1973, iliyotoka katika mizabibu ya miaka mitatu tu, ikazishinda Mouton na Haut-Brion za mwaka wa 1970. Odette Kahn alitaka kurudishiwa karatasi yake ya alama, asiipate.

Walioitengeneza divai hizo mbili walikuwa watu wenye njia zisizo za kawaida. Ile nyeupe ilikuwa kazi ya Mike Grgich, mzaliwa wa kijiji cha Kroatia, aliyefika California akiwa mhamiaji asiye na mali. Ile nyekundu ilikuwa ya Warren Winiarski, aliyekuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago kabla ya kuacha vitabu na kushika jembe.

Ushindi huo umesimuliwa mara nyingi kama ngano ya sungura na simba, na ngano hupenda kusahau hesabu. Katika alama 180 ambazo majaji tisa wangeweza kutoa, Stag's Leap ilipata 127.5 na Mouton 126. Tofauti ni alama moja na nusu, yaani sehemu moja ya sita ya alama kwa kila jaji. Laiti mmoja wao angekuwa na mafua kidogo siku ile, historia ingebadilika. Na majaji wenyewe walitofautiana sana juu ya divai nyekundu. Lakini wanaotumia hoja hiyo kuifuta siku nzima hukosea pia. Jambo lililothibitika halikuwa kwamba divai fulani ni ya kwanza. Lililothibitika ni kwamba watu waliotumia maisha yao yote katika divai ya Ufaransa hawakuweza kuitambua ilipovuliwa jina. Wafaransa walijibu kwamba divai za California ni za ujanani na hazitavumilia miaka. Jibu hilo lilijaribiwa tarehe 24 Mei 2006, London na Napa kwa wakati mmoja, kwa chupa nyekundu za miaka ile ile: ya kwanza ilikuwa Ridge Monte Bello ya mwaka wa 1971, ya California, ambayo katika Paris ilikuwa ya tano.

Mwaka wa 1978, mwanasheria kijana wa Maryland, Robert Parker, alianza kuchapa jarida dogo la divai. Wakati huo wengi walioandika juu ya divai, hasa Uingereza, walikuwa wakiiuza au wakikaribishwa mezani na wanaoiuza. Parker, aliyevutwa na mfano wa Ralph Nader, mtetezi wa wanunuzi, alikataa matangazo ya biashara, akajilipia gharama zake, akajiona wakili wa mtu anayetoa fedha dukani. Kwa maneno pekee asingefika mbali, kwa kuwa maneno ya waonjaji yalikuwa yamekwisha kuwa lugha ya chama cha siri. Alichukua badala yake kipimo ambacho kila Mmarekani alikijua tangu shuleni: alama 100. Kwa hakika alama hizo ni 50 tu, maana kila divai ilianza na 50 kwa kule kuwako kwake. Rangi ilipewa hadi 5, harufu hadi 15, ladha hadi 20, na ubora wa jumla na tumaini la kuzeeka vyema hadi 10. Mwanafunzi yeyote anajua siri ya kipimo cha namna hiyo. Mtihani ambao hapana awezaye kupata chini ya 50 haupimi kutoka chini, huwapanga waliofaulu.

Sifa yake ilithibitika kwa mwaka mmoja. Alipoonja divai za Bordeaux za mwaka wa 1982 zikiwa bado katika mapipa, aliandika kwamba ni mwaka wa ajabu, na baadhi ya waandishi waliomtangulia kwa umri na jina walisema zimeiva mno na hazitadumu. Wanunuzi wa Marekani walimfuata, divai zikadumu, bei zikapaa. Mwaka wa 1984 aliiacha sheria. Katika miaka ishirini iliyofuata hapakuwa na mtu mmoja, mfalme wala waziri, aliyekuwa na nguvu kama yake juu ya bei za bidhaa hii. Wachumi watatu waliipima nguvu hiyo kwa bahati waliyoipata mwaka wa 2003, ambapo Parker hakwenda Bordeaux kwa wakati wake wa kawaida na bei zikatangazwa kabla ya alama zake; walipolinganisha, wakaona, katika makala iliyotoka mwaka wa 2008, kwamba alama zake zilikuwa zikiongeza kwa wastani karibu yuro 2.80 kwa kila chupa.

Husemwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Bordeaux mgema aliyesifiwa alifanya kinyume, na madhara yakawa ya namna nyingine. Ilipojulikana kwamba Parker hupenda divai nzito, iliyoiva sana, yenye harufu ya pipa jipya la mwaloni, wakulima walianza kuchelewesha mavuno, kuzidisha kileo, kununua mapipa mapya. Mtu aliyejiona wakili wa mnunuzi akageuka, pasipo kupenda, mtunga sheria wa mkulima. Majira ya kuchipua ya mwaka wa 2004 yalilileta jambo hili hadharani. Divai ya Château Pavie ya mwaka wa 2003, ya Saint-Émilion, ilipewa na Parker alama zilizokaribia kilele; Jancis Robinson, mwandishi wa Kiingereza, aliipa 12 katika 20, akiiona imeiva kupita kiasi hata haina tena sura ya divai ya kwao. Mabishano yalikuwa makali, nayo hayakuwa ya bure: watu wawili walio hodari, mapipa yale yale, na hakuna mizani ya kuamua. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba alama ya Parker, kwa unyofu wake wote, ilikuwa picha ya mapenzi ya mtu mmoja iliyovikwa nguo za hesabu.

Saint-Émilion yenyewe, iliyoachwa nje ya orodha ya 1855, ilijitengenezea daraja lake mwaka wa 1955 kwa sharti la kulirekebisha kila baada ya miaka kama kumi. Kwa akili ya kawaida hilo ndilo jema zaidi. Lakini daraja linaloweza kubadilishwa laweza pia kushtakiwa: marekebisho ya mwaka wa 2006 yalifikishwa mahakamani na walioshushwa, na kabla ya yale ya 2022 mashamba matatu ya juu, Ausone, Cheval Blanc na Angélus, yalijitoa yenyewe. Orodha isiyo na haki iliyokauka imeishi kwa amani kuliko orodha inayojaribu haki kila miaka kumi.

Parker aliuza sehemu kubwa ya jarida lake mwaka wa 2012 kwa wenye mtaji wa Singapore, akastaafu mwaka wa 2019, mwaka ambao kampuni ya Michelin ililichukua lote. Kipimo chake cha 100 kimebaki na hutumiwa na wengi, ila hapana tena ulimi mmoja unaoliendesha soko.

Wakati huo huo wataalamu walikuwa wamekwisha kuugeukia ulimi wenyewe. Mwaka wa 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha habari ya wanafunzi 54 wa elimu ya divai waliopewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno yanayotumiwa kwa divai nyekundu. Jicho lilikuwa limeonja kabla ya mdomo. Na huko California, Robert Hodgson, profesa mstaafu wa elimu ya bahari aliyekuwa na kiwanda kidogo cha divai, alisumbuliwa na jambo ambalo wakulima wengi hulinung'unikia chini kwa chini: divai yake ilipata nishani ya dhahabu katika shindano moja, na katika lingine haikupata kitu. Aliwaomba wasimamizi wa mashindano ya maonyesho ya jimbo wamruhusu awapime majaji. Kuanzia mwaka wa 2005 majaji waliletewa, katikati ya bilauri nyingi, divai ya chupa moja mara tatu pasipo kuambiwa. Makala aliyoichapisha mwaka wa 2008 ilionyesha kwamba karibu jaji mmoja tu katika kumi alirudia hukumu yake ndani ya mipaka ya nishani moja, na mmoja mwingine katika kumi aliipa divai hiyo hiyo shaba mara hii na dhahabu mara ile. Walipatana na nafsi zao zaidi walipoonja divai wasizozipenda.

Mwaka uliofuata Hodgson alikusanya matokeo ya mashindano 13 ya Marekani. Divai 2,440 zilikuwa zimeingizwa katika zaidi ya mashindano matatu. Asilimia 47 ya hizo zilipata dhahabu mahali fulani, na katika zilizopata dhahabu, asilimia 84 hazikupata nishani yoyote mahali pengine. Alitazama tena majaji wa maonyesho ya jimbo, wale wachache walioonekana imara, kusudi ajue kama uimara huo ni kipaji. Majaji waliokuwa imara mwaka mmoja walikuwa kama wenzao mwaka uliofuata.